Audax: Ujasiri Uliofungwa Breki

(Hotuba kwa wanachama wa klabu ya waendesha baiskeli jijini Dar es Salaam, wiki chache kabla ya safari yao ya kwanza ya kilomita 200. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Kina dada, kina kaka, vijana wa mazoezi ya alfajiri, asanteni kwa kuitika.

Kwenye kadi mtakazopewa mwezi ujao, zile za kugongesha muhuri kwenye vituo vya njiani, juu kabisa, limechapwa neno audax. Tangu kadi zianze kuonekana naulizwa ni kitu gani hicho, na kijana mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu ameketi karibu na mama yake, alidhani ni dawa ya mbu. Mwenyekiti akaona afadhali nisimame niseme yote kwa mkupuo.

Audax ni Kilatini: mtu jasiri, mwenye kuthubutu. Ila msilivae kifuani haraka. Warumi wenyewe mara nyingi walilitumia kwa ubaya. Mwaka 63 kabla ya Kristo, Cicero, kiongozi wa Roma, alipomkabili mwanasiasa Catilina mbele ya Seneti akimtuhumu kula njama za kuipindua dola, alimsuta kwa hiyo hiyo audacia yake: uthubutu wa mtu asiyeona haya, asiyeogopa sheria, asiyejua pa kukomea. Mama zetu wangesema tu kwamba mtu huyo ana shari.

Nalitaja hilo mapema kwa sababu, kwa macho yangu, historia ya audax kwenye baiskeli, yaani safari ndefu za kushindana na saa badala ya kushindana na watu, ni historia ya watu waliolichukua neno la shari wakalifunga breki. Baada ya hapo Kilatini nakiweka pembeni, tuzungumze baiskeli.

Tuanze Italia. Tarehe 12 Juni 1897 kikundi cha waendesha baiskeli kiliondoka Roma kuelekea Napoli, kilomita 230, kikiwa na sharti moja: kufika kabla jua halijazama. Barabara yenyewe ilikuwa ya changarawe na vumbi, na baiskeli zilikuwa za chuma, nzito. Mwezi Juni kule jua linakaa angani kama saa 15. Wenye simu gawanyeni: 230 kwa 15 unapata kilomita 15 na kidogo kwa saa. Ikumbukeni namba hiyo, maana ndiyo karibu sawa na mwendo ambao kanuni za leo zinauweka kuwa wa chini kabisa unaoruhusiwa. Waliosafiri namna hiyo wakaitwa majasiri, na jina la Kilatini likawaganda.

Tazameni lile sharti. Hakuna aliyeuliza nani katangulia. Waliokuwa wanashindana nalo ni jua, na jua likikushinda huna wa kumlalamikia.

Habari zikavuka milima ya Alps, zikamkuta Henri Desgrange mjini Paris. Huyu bwana anastahili dakika mbili. Mwaka 1893 aliweka rekodi ya kuendesha saa moja uwanjani, kilomita 35.325. Baadaye akawa mhariri wa gazeti la michezo la L'Auto, na mwaka 1903 gazeti hilo likaanzisha Tour de France, kwa lengo la wazi kabisa la kuuza nakala nyingi kuliko gazeti shindani. Alikuwa mkali kupindukia. Aliamini gia za kubadilisha ni za wazee na wadhaifu, na kwenye Tour yake wanamichezo hawakuruhusiwa kutumia vibadilisha gia hadi mwaka 1937. Mtu wa namna hiyo ungemtarajia aseme nini juu ya watu wanaotaka kusafiri kwa baiskeli umbali mrefu bila mshindi?

Basi ndiye aliyewaandikia kanuni. Mwaka 1904, mwaka mmoja tu baada ya kuzaa mbio kali kuliko zote duniani, Desgrange aliandika kanuni za audax ya Kifaransa, na mwaka huohuo klabu ya Audax Club Parisien ikaundwa kuzisimamia. Audax yake ilikwenda hivi: mnaondoka pamoja, mnafika pamoja. Mbele yupo nahodha wa barabara anayeshika mwendo uliopangwa, na hapana ruhusa ya kumpita. Siku hizi mwendo huo ni kilomita 22.5 kwa saa. Mna kifua cha kwenda 35? Kifungeni. Mko hoi? Wenzenu watawaweka katikati ya msafara muukwepe upepo, na kwenye kilima mtasikia kiganja cha mtu mgongoni kikiwasukuma. Chakula ni cha saa maalumu, mapumziko ni ya dakika maalumu, na msafara ukiingia mjini unaingia kwa pamoja kama harusi.

Mimi naona huo ni ujasiri wa ajabu, na sitanii. Mwambieni kijana mwenye mapaja ya chuma akae nyuma ya mzee wa miaka 60 kwa kilomita 200, asimpite. Wengi wanaona ni rahisi zaidi kupanda kilima.

Ndoa hiyo ya Desgrange na klabu ilivunjika mwaka 1921. Kukatokea kutoelewana, naye akaiondolea Audax Club Parisien ruhusa ya kuandaa safari za audax. Mwaka huohuo wengine wakaunda chama kingine cha kuendeleza safari za msafara na nahodha, ambacho baadaye kikaitwa Union des Audax Français. Klabu iliyonyang'anywa nayo haikukaa kulia. Iliandaa safari zake mpya, zilezile kilomita, vilevile vituo vya ukaguzi, ila bila nahodha: kila mtu aende kwa mwendo wake, alimradi asiwe wa haraka kupita kiasi wala wa polepole kupita kiasi. Anayesafiri hivyo kwa Kifaransa anaitwa randonneur.

Sasa hapo ndipo majina yalipochanganyikana, na msipoangalia yatawachanganya nanyi. Klabu iliyofukuzwa kwenye audax ilibaki na neno Audax kwenye jina lake mpaka leo, na ndiyo inayosimamia safari za mwendo huru ulimwenguni. Waingereza walipounda chama chao mwaka 1976 wakakiita Audax UK, ingawa wanachofanya, kwa Mfaransa, si audax hata kidogo. Australia nako vivyo hivyo. Wamarekani wakapendelea neno la randonneur. Kwa hiyo mkikutana na Mfaransa mzee akawaambia mnachokifanya siyo audax, mkubalieni, mnunulieni kahawa, mwendelee na safari. Yetu ya mwezi ujao ni ya mwendo huru, kwa mtindo wa waliofukuzwa.

Lakini siwezi kulizungumza jambo hili nikaiacha Paris–Brest–Paris. Hiyo ndiyo Makka ya watu hawa, na Waislamu waliomo humu wanisamehe, mchezo wowote una mahali ambapo kila mtu anataka afike japo mara moja.

Ilianza kama mbio, mwaka 1891. Pierre Giffard wa gazeti la Le Petit Journal alitaka kuwaonyesha wasomaji kwamba baiskeli ni chombo cha safari, siyo mchezo wa watoto wa matajiri kwenye bustani. Akatangaza njia: Paris hadi bandari ya Brest, ncha ya magharibi ya Ufaransa, na kurudi. Takriban kilomita 1,200. Kwa kipimo cha kwetu, ni zaidi kidogo ya kutoka hapa hadi Mwanza. Waliruhusiwa wanaume Wafaransa peke yao. Kila mtu alitakiwa kubeba chakula na nguo zake mwenyewe, na baiskeli ilipigwa lakiri mwanzoni ili asije mtu akaibadilisha njiani. Walioondoka walikuwa zaidi ya 200. Aliyeshinda ni Charles Terront, kwa saa 71 na dakika 22, bila kulala. Mpinzani wake mkubwa, Jiel-Laval, alikuwa mbele, akajiegesha kitandani usiku wa tatu kule Guingamp, Terront akapita. Alipoamka habari zilikuwa zimekwisha.

Kuna watu wanaisimulia hadithi hiyo kama somo la kutolala. Mimi siipendi kwa sababu hiyohiyo, na nitaeleza kwa nini nikifika kwenye usingizi.

Mbio hizo zilikuwa ngumu mno kufanywa kila mwaka, wakaamua ziwe za kila baada ya miaka 10. Mwaka 1901 alishinda Maurice Garin, yuleyule aliyekuja kushinda Tour de France ya kwanza miaka miwili baadaye. Mwaka 1931 alishinda Mwaustralia, Hubert Opperman, kwa saa 49 na dakika 23, halafu akaishia kuwa mbunge na waziri kwao. Alifariki mwaka 1996 akiwa na umri wa miaka 91, akiwa juu ya baiskeli ya mazoezi. Sina la kuongeza hapo.

Mwaka huo wa 1931 ndio muhimu kwetu. Kando ya wanamichezo wa kulipwa, kwa mara ya kwanza njia ileile ilifunguliwa kwa watu wa kawaida, wa msafara kwa upande wao na wa mwendo huru kwa upande wao, na miongoni mwao walikuwemo wanawake. Miaka 20 baadaye, 1951, Maurice Diot alishinda mbio za kulipwa kwa saa 38 na dakika 55, kisha mbio hizo zikafa. Wanamichezo wa kulipwa walikuwa na kazi nyingine zenye fedha zaidi. Waliobaki ni makarani, walimu, mafundi bomba, wauguzi na wastaafu, nao ndio wanaoishikilia Paris–Brest–Paris mpaka leo, kila baada ya miaka minne. Mwaka 2019 waliondoka zaidi ya 6,000. Inayofuata ni 2027.

Hakuna zawadi ya fedha. Hakuna jukwaa la washindi. Utaratibu wao wa miaka mingi ni kuchapa majina ya waliomaliza kwa mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo anayeanza na A anatangulia hata kama alifika dakika mbili kabla ya muda kwisha. Kuna keki moja ya Kifaransa ya umbo la duara kama gurudumu, inaitwa Paris-brest, iliyobuniwa kwa heshima ya safari hii mwanzoni mwa karne iliyopita. Ukitaka zawadi, inunue mwenyewe.

Sasa nije kwenye kiini, nacho ni saa. Hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko kwingine kote.

Kila umbali una muda wake wa mwisho. Kilomita 200, saa 13 na nusu. Kilomita 300, saa 20. Kilomita 400, saa 27. Kilomita 600, saa 40. Kilomita 1,000, saa 75. Kilomita 1,200, saa 90. Mtu akiziona anacheka. Saa 13 na nusu kwa kilomita 200? Muuza maziwa anakwenda haraka kuliko hapo, akiwa na madebe mawili kwenye keria!

Ni kweli, na hapo ndipo mtego ulipo. Saa haisimami. Ukila, inakwenda. Ukiziba pancha, inakwenda. Ukipanga foleni ya choo, ukapigiwa simu na shemeji, ukakaa chini ya mwembe kusikilizia goti, inakwenda. Chukueni ile ya kilomita 1,200. Ukiendesha kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, unahitaji saa 60 za kukanyaga pedali. Zimebaki 30. Tuseme kuna vituo 15, na kila kimoja unatumia dakika 40 tu: kushuka, kugongesha muhuri, kujaza chupa, kula wali, kupaka mafuta, kuondoka. Saa 10 zimekwenda. Zimebaki 20, na humo ndimo mna pancha zote, na usingizi wote wa karibu siku nne mchana na usiku. Mwendo ukishuka hadi kilomita 17 kwa saa, ambalo ni jambo la kawaida kabisa penye vilima na upepo wa kukabili, pedali peke yake zinakula zaidi ya saa 70. Fanyeni hesabu mwone mnalala lini.

Ndiyo maana wakongwe wa mchezo huu hawakuulizi kasi yako. Wanakuuliza unakaa kituoni kwa muda gani. Nimewaona watu wenye baiskeli za bei ya kiwanja wakipitwa na mama wa makamo aliyekuwa anakula andazi huku akitembea kuelekea kwenye baiskeli yake. Hakuwapita barabarani. Aliwapita mezani.

Na vituo navyo vina mlango unaofunguliwa na kufungwa. Ukiwahi kupita kiasi unakuta hakijafunguliwa, unasubiri nje. Ukichelewa kimefungwa. Kwenye safari ya kilomita 200 hesabu ya kufunga ni mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ile namba ya Roma na Napoli. Huko Ulaya, penye njia isiyo na watu wa kugonga muhuri, wanakubali risiti ya duka yenye saa, au wanakuuliza swali kwenye kadi: bango la mwanzo wa kijiji fulani limeandikwa nini? Kwenye Paris–Brest–Paris huwa kuna hata vituo vya siri, unakata kona unakuta meza na watu wanakudai kadi. Ni kwa ajili ya wale wenye audacia ya Catilina, wanaojua njia ya mkato.

Kanuni ya pili kwa uzito ni kujitegemea. Huruhusiwi kufuatwa na gari lenye ndizi na shangazi. Msaada wa watu wako mwenyewe unaruhusiwa kwenye vituo tu. Barabarani una tyubu zako, pampu yako, viraka, gundi na akili yako. Unaweza kununua chai popote, kama msafiri mwingine yeyote, na mwenzako wa njiani anaweza kukusaidia, lakini timu ya kukuhudumia hapana. Kwa hiyo mtu anajifunza kufunga cheni iliyokatika usiku, mvua inanyesha, tochi iko mdomoni.

Nimeona wengine wenu mnatabasamu kwa sababu mnajua wazee wenu walikwenda hivyo maisha yao yote bila kupewa kadi. Sawa kabisa. Na tazameni baiskeli yenyewe. Mwanamichezo wa mbio alitupa madigadi, akatupa keria, akatupa dinamo, akatupa kengele, ili baiskeli iwe nyepesi. Msafiri wa audax kavirudisha vyote. Madigadi yanazuia maji ya barabara yasikuloweshe mgongo kwa saa 10. Keria inabeba mkoba. Dinamo, ya siku hizi imefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele wala haikwaruzi tairi, inawasha taa usiku kucha bila kuchaji kitu. Ukiitoa rangi ya kupendeza na bei, umepata Phoenix ya babu yako. Kwa hiyo atakayekuja mwezi ujao na Phoenix asione haya, alimradi breki zinashika na taa zinawaka. Kwenye ukaguzi wetu Phoenix yenye taa itapita, na baiskeli ya kaboni isiyo na taa itarudi nyumbani.

Kuhusu namna ya kujitunza njiani, mwalimu bora ni Mfaransa wa zama za Desgrange ambaye yeye na Desgrange walikuwa hawaelewani hata kidogo, hasa juu ya gia. Aliitwa Paul de Vivie, mfanyabiashara wa hariri wa mji wa Saint-Étienne, mwandishi wa masuala ya baiskeli aliyejulikana kwa jina la Vélocio. Alizipenda gia, alipenda milima, aliendesha umbali mrefu hadi uzeeni, na aliwaachia wenzake ushauri ambao hadi leo unarudiwa. Kula kabla hujasikia njaa. Kunywa kabla hujasikia kiu. Simama mara chache na kwa muda mfupi. Usijichoshe mpaka ukakosa hamu ya kula na ya kulala. Na mmoja ambao ningetamani uandikwe kwenye kadi zetu kwa herufi kubwa: usikanyage pedali kwa majivuno.

Majivuno ndiyo yanayowaua watu kilomita ya 30. Mmetoka gizani, hewa ni nzuri, miguu mipya, kikundi cha mbele kinakwenda 33, unajiambia kwani mimi nani. Unakwenda nao. Kilomita ya 120 jua linapiga, wale wamekwishatoweka, na wewe umekaa kwenye kivuli cha kibanda cha vocha unatazama goti lako kama vile ni la mtu mwingine. Najua mnangoja nitaje methali ya mwenda pole. Sitaitaja, kwa sababu kwenye audax mwenda pole naye kituo kinamfungia.

Nilisema nitafika kwenye usingizi. Kuanzia kilomita 400 kwenda juu huwezi kuukwepa usiku, na hapo adui si kilima wala upepo, ni kope. Baiskeli haina nguzo ya kukushika. Ukisinzia kwa sekunde tatu kwenye mteremko, umehama upande wa barabara. Waingereza wana utani wa kuviita vibanda vya kusubiria basi hoteli za audax, kwa sababu utamkuta mtu mzima na kazi yake ya heshima amejikunja humo, kajifunika lile blanketi la karatasi inayong'aa kama fedha, kaweka kengele ya dakika 20. Kule Ufaransa vituo vingi ni shule. Ukumbi wa michezo unajazwa vitanda vya kukunja, unalipa kidogo, unamwambia wa zamu akuamshe saa fulani, naye anakuja na tochi anakugusa bega. Kwa hiyo wanaomsifu Terront kwa kutolala mimi nawaambia hivi: Terront alikuwa mwanamichezo wa kulipwa kwenye barabara isiyo na magari. Hakukuwa na lori la saruji nyuma yake. Leo mwenye busara ni Jiel-Laval. Alilala, akaamka, akamaliza wa pili, na akafika nyumbani kwake.

Ujasiri wa kusema "hapa nalala, kama ni kufungiwa kituo nifungiwe" ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani, maana umeshalipia, umeshaaga, picha umeshatuma kwa ukoo mzima. Mwaka 2007 Paris–Brest–Paris ilinyeshewa vibaya sana na watu wengi waliacha njiani. Mwaka 2019 India ilipeleka mamia ya waendeshaji, watu waliofuzu kwa haki kwenye joto na vumbi la kwao, na wengi wao baridi ya usiku wa Brittany, ule mkoa wa Ufaransa ulipo mji wa Brest, upepo na vilima visivyokwisha vikawarudisha. Sijasikia hata mmoja aliyechekwa. India imeendelea kuwa miongoni mwa nchi zenye watu wengi kwenye mchezo huu, na huo ndio mfano ninaoupenda zaidi kuliko wa bingwa yeyote, kwa sababu nao walianza kama sisi tulivyo humu ukumbini, vikundi vya miji na baiskeli za kila aina.

Jambo jingine la Brittany, halafu namaliza. Wanakijiji wa huko wamezoea safari hii tangu mababu zao. Mtu anatoa meza barazani, anaweka kahawa, maji, mikate ya maji, keki, na anakaa mpaka usiku wa manane akisubiri wageni. Ukimpa fedha anakataa. Wengi wanachoomba ni kimoja: ukifika kwenu nitumie kadi ya posta. Kuna nyumba zenye ukuta uliojaa kadi za kutoka Japani, Brazili, Norwe. Kujitegemea hakujawahi kumaanisha kukataa kikombe cha mwenyeji, na nadhani kwa jambo hilo hatuhitaji mwalimu kutoka Ulaya.

Basi yetu. Safari ya mwezi ujao ni ya klabu, haijasajiliwa Paris, tumeazima kanuni zao tu ili tujipime. Anayeota 2027 ajue kwamba Paris inadai kwanza uwe umemaliza, ndani ya mwaka wenyewe, safari zinazotambuliwa za kilomita 200, 300, 400 na 600, kwa hiyo tukimaliza hii kwa heshima tutaanza kuulizia taratibu za usajili. Tunaondoka saa 11 alfajiri. Chalinze ni kilomita ya 100 na ndipo tunapogeuzia. Kituo kitafungwa saa 5:40 asubuhi, na aliye mezani humo ndani saa hiyo awe ameshagongesha muhuri. Kadi za mwisho zitapokelewa hadi saa 12:30 jioni, hata dakika moja zaidi hapana, hata kama ni mwenyekiti. Malori ya barabara ya Morogoro mnayajua, kwa hiyo mstari mmoja, vizibao vya kung'aa, na taa nyekundu ya nyuma iwake tangu mwanzo, giza liwepo lisiwepo.

Ukaguzi wa taa na breki ni Ijumaa jioni hapahapa. Leteni baiskeli, siyo maelezo. Fundi atakuwepo, na mwenye tyubu za ziada za inchi 28 azilete, kuna wawili wameshaziulizia. Maswali sasa, tuanze na mama pale nyuma.